Mwanamke Aliyezima Matangazo ya Roret

Wiki jana mkono wa polisi ulitua begani mwa Valary Bonareri akiwa mbele ya kompyuta yake, na wengi wenu mkaniuliza kama aligeuka.

Aligeuka.

Alimwona Koplo Chepngetich, kofia mkononi. Nyuma ya koplo alisimama Lazarus Opondo, amevaa koti la kanisani siku ya Jumanne.

"Bonareri ni wewe?" koplo aliuliza, ingawa huja hapo saibani kila mwezi kuchapisha barua zake.

"Ni mimi, afande."

"Kuna ripoti yako. Twende kituoni."

"Ya nini?"

Koplo alimtazama Opondo. Opondo alitazama dari.

"Tutajua tukifika," koplo akasema.

Kama umeingia hadithini leo, jua hivi. Bonareri ana saiba, duka la kompyuta na intaneti, sokoni Roret, kati ya duka la dawa za mifugo na bucha. Opondo alikuja huku kutoka upande wa ziwa akiwa karani wa kiwanda cha chai, akastaafu, akabaki. Sasa anaendesha tovuti ya habari iitwayo Majani Mabichi: bei ya majani ya chai, matanga, ng'ombe waliopotea, nani kachaguliwa katibu wa kwaya. Hakuna mtu Roret asiyeisoma. Hakuna anayeilipia. Inaishi kwa matangazo.

Na matangazo hayo ndiyo Bonareri anayazima. Kwa miezi saba ameweka programu ndogo ya kuzuia matangazo kwenye simu mia sita na kumi na mbili, bure. Alianza baada ya mama yake, Eucabeth, kusoma tangazo la majani ya kusafisha mishipa, akaacha tembe zake za presha, akaanguka jikoni. Mkono wa kulia wa Eucabeth haujarudi kufanya kazi mpaka leo.

Kituoni, Koplo Chepngetich alifungua OB, kitabu cha ripoti, akaandika tarehe, saa na majina. Kisha kalamu ikasimama.

"Kosa?"

"Kufunga matangazo," Opondo alisema.

"Hiyo ni kosa gani?"

"Ndiyo hiyo. Kufunga matangazo."

"Mzee, mimi naandika kitu iko kwa sheria. Ameiba?"

"Ameiba."

"Nini?"

Opondo alifikiri. "Macho."

Koplo hakuandika macho.

"Sikiliza, afande," Opondo alisema, akisogeza kiti. "Chukua mwenye hoteli. Amesema mandazi ni bure, bora tu usikilize redio yake. Watu wamekuja, wanakula, redio inaongea. Sasa huyu anapita meza kwa meza akiziba watu masikio. Na wanaendelea kula! Huyo mwenye hoteli atapika mpaka lini?"

"Unauza mandazi?"

"Ni mfano, afande."

"Sawa. Endelea bila mandazi."

"Nilikuwa na mwandishi, Christabel. Alikuwa anafika mpaka Sigor, mpaka Siongiroi, kutafuta habari. Mwezi wa tano nikamwambia akae nyumbani, sina cha kumpa. Sasa mizani ikidanganya wakulima kwa kituo cha kuuza majani, nani ataenda kuangalia? Bonareri?"

Koplo alimgeukia mshtakiwa. "Umesikia?"

"Nimesikia. Mimi naye niulize," Bonareri alisema. "Simu ni ya nani? Bando ni ya nani? Mama anafungua kusoma matanga ya jirani yake, video ya mtu anauza dawa inakula bando yote kabla jina la marehemu halijatokea. Hapo nani ameibia mwingine? Na mtu akikuja mlangoni kwangu na uongo, nikifunga mlango, utanishika?"

"Uongo haukutoka kwangu," Opondo alisema. "Matangazo mengi yanatoka kwa kampuni za huko nje. Yanajiweka yenyewe. Mimi nayaona vile wewe unayaona."

"Kwa hivyo huyajui."

"Siyajui."

"Na unataka nifungwe kwa kuyakataa."

 

Koplo Chepngetich alivuta kitabu chembamba kutoka kwenye droo, akakipekua kwa kidole kilicholowa mate.

"Hapa kuna kosa la kuingia kwa kompyuta ya mtu bila ruhusa. Uliingia kompyuta ya mzee?"

"Sijawahi hata kuiona."

"Uliingia simu za watu bila ruhusa?"

"Walinipatia wenyewe. Na password." Bonareri aliashiria mfuko wa koplo. "Hata wewe, afande."

"Hata mimi nini?"

"Hata yako niliweka. Mwezi wa pili. Ulisema simu imekuwa nzito."

Koplo alitoa simu yake mfukoni, akaitazama kama mtu anayemtazama shemeji aliyeongopa.

"Ile ya kufanya iende haraka?"

"Ndiyo hiyo."

Kalamu iliwekwa chini taratibu.

"Mzee Opondo," koplo alisema, "unashtaki watu wangapi?"

"Mmoja."

"Kwa sababu kama hii ni kosa, na mimi niko ndani. Nikuandikie na mimi hapa chini yake?"

Hapo mlango ulifunguka kwa kishindo.

Aliingia Janefer, mchuma chai wa upande wa juu wa soko, kitambaa cha kichwa mkononi, miguu mitupu. Mumewe anaitwa Nyaberi, fundi wa paa, na Janefer humwita kwa jina la mtoto wao.

"Afande! Baba Clifford ameanguka!"

"Ameanguka kutoka kwa paa?"

"Ameanguka nyumbani! Nimemkuta sakafuni na kikombe cha maji, anatapika, hasemi. Jirani amembeba kwa gari mpaka hospitali, mimi nimekuja muwaambie watu. Kumbe watu wanasema maji ya bomba ina sumu! Na mimi nilikuwa nimejaza ndoo mbili jana jioni. Mbona hakuna mtu alituambia?"

Opondo alisimama. "Lakini mliambiwa. Tangazo liko."

"Tangazo gani?"

Alitoa simu, akaigeuza waione wote. Katikati ya ukurasa wa Majani Mabichi kulikuwa na boksi jekundu. MSINYWE MAJI YA BOMBA. Dawa ya kuogeshea ng'ombe imemwagika kwenye chemchemi. Ngojeni taarifa. Chini yake, jina la kamati ya mradi wa maji. Lilikuwa limewekwa Jumatatu saa sita mchana.

Janefer alifungua ukurasa uleule kwenye simu yake. Kulikuwa na habari ya kwaya. Kulikuwa na bei ya majani. Katikati palikuwa peupe, pasafi kabisa.

Aliinua uso.

"Dada Bonareri," alisema polepole. "Si ni wewe uliniwekea hii kitu?"

Bonareri aliitazama ile nafasi nyeupe. Kwa miezi saba alikuwa ameipenda nafasi hiyo kuliko chochote alichowahi kutengeneza kwa mikono yake.

Koplo alishika kalamu tena.

"Sasa kosa nimepata," alisema.

"Ngoja, afande." Bonareri alimgeukia Opondo. "Mzee Opondo, hii ni habari ama ni tangazo?"

"Ni tangazo. Kamati walilipia."

"Ungeiandika kama habari, simu zote zingeionyesha. Programu yangu haigusi habari."

"Habari ni bure," Opondo alisema. "Walikuja na pesa mkononi. Lilikuwa tangazo la kwanza la watu wa hapa nyumbani tangu mwezi wa pili. Nikawapa boksi. Nikalipaka rangi nyekundu, hata."

"Uliuza maji."

"Na wewe uliyafuta."

Walitazamana. Ndipo Bonareri akakumbuka.

"Mama," alisema.

Eucabeth huishi peke yake kwenye ploti ya nyumba za kupanga, karibu kabisa na bomba. Na simu ya kwanza Roret kuwekewa ile programu ilikuwa yake.

Gari la kituo lilikuwa limekwenda Litein. Opondo alikuwa na pikipiki. Bonareri alikwisha kuifikia kabla mwenyewe hajatoa ufunguo.

"Uko chini ya ulinzi!" koplo aliita kutoka mlangoni.

"Basi kuja unilinde ukiwa nyuma yangu!"

Koplo alimwacha Janefer na mwenzake wa zamu, akapanda. Hivyo mlalamishi akaendesha, mshtakiwa akamshika kiuno, na sheria ikakaa mwisho ikishikilia kofia. Kubeba abiria wawili kwenye pikipiki ni kosa, na hilo koplo alilijua bila kufungua kitabu chochote.

Njiani Bonareri alisema "haraka" mara nane.

Eucabeth alikuwa nje ya mlango wake, kwenye kigoda, anachambua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Kando yake kulikuwa na jagi la maji, nusu.

"Mama! Umekunywa maji?"

Eucabeth aliwatazama wote watatu mmoja baada ya mwingine.

"Karibuni. Opondo naye? Na koti? Mmekuja kuniambia mnaoana?"

"Mama, maji!"

"Ya bomba? Nani anakunywa maji ya bomba tangu jana? Ina dawa ya ng'ombe. Haya ni ya mvua."

Bonareri alikaa chini kwenye nyasi. Opondo alivua kofia ya pikipiki. Koplo aligeuka upande, akapangusa macho kwa haraka kama aliyeingiwa na vumbi.

"Umejuaje?" Bonareri aliuliza alipopata pumzi.

"Nimeona kwa simu. Boksi nyekundu. Nikachukua fimbo yangu nikagonga hii ploti yote, na ile ya pili, mpaka kwa yule mzee hasikii. Nyumba kumi na tisa."

"Lakini simu yako nilifunga matangazo."

"Yule mwandishi, Christabel, alinifungulia."

"Lini?"

"Siku ya pili yake."

Miezi saba. Bonareri alihesabu kwa vidole.

"Mama, hayo matangazo nusura yakuue."

"Hakuna tangazo ilikuja ikaninyang'anya tembe kwa mkono," Eucabeth alisema. Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. "Niliacha mwenyewe. Miaka kumi na moja nameza, nilikuwa nimechoka. Ile dawa iliniambia kitu nilikuwa nataka kusikia. Nilikosea. Lakini ni mimi nilikosea, Valary."

"Nilikuwa nakulinda."

"Ulichukua simu yangu ukasema, Mama, lete niitengeneze. Haikuwa imeharibika. Ungeniuliza ningekuambia napenda kuona vitu watu wanauza. Viatu. Shamba za watu. Mimi siendi mahali siku hizi." Alitoa jiwe lingine. "Ungeniuliza tu."

Opondo, aliyekuwa akisikiliza kwa makini sana, alianza kutabasamu.

"Na wewe usicheke," Eucabeth alimwambia. "Uliweka sumu kwa boksi kama mtu anauza godoro. Nilidhani ni mchezo. Nilisoma mara tatu ndio niamini."

Tabasamu lilirudi lilikotoka.

Kilichofuata kilichukua saa mbili. Opondo aliegemea ukuta wa ploti, akaandika habari ile upya kwa vidole gumba viwili, bila boksi, bila rangi, bila jina la mlipaji. Bonareri alifungua ukurasa kwenye simu yake mwenyewe. Maneno yalikuwepo, meusi, pale pale palipokuwa peupe. Kisha akatoa mkobani daftari la saiba lenye namba za wateja wake, akaanza kutuma ujumbe, mstari kwa mstari. Opondo alimsomea namba. Walipofika namba ya mia mbili Opondo alimpa simu yake mwenyewe, kwa sababu ya Bonareri ilikuwa imeisha chaji.

Ilikuwa mara ya kwanza wawili hawa kufanya kazi moja. 

Kufikia saa nane bomba la soko lilikuwa limefungwa kwa waya, na shule zimemwaga matangi. Hospitalini hakuwa amepelekwa mtu mwingine. Ni Nyaberi tu, na Nyaberi alikuwa bado hajafumbua macho.

Koplo aliwarudisha kituoni. Aliwapa kila mmoja karatasi na kalamu, akawaketisha pembe mbili tofauti za chumba kama watahiniwa.

"Kila mtu aandike yake. Msitazamane."

Bonareri alimaliza kwanza. Opondo, ambaye kuandika ndiyo kazi yake, alikata mistari mara nne. Walipotia sahihi, koplo alikusanya karatasi, akasoma kwa sauti, bila kupanda wala kushuka, vile husoma orodha ya vitu vilivyoibwa.

"Mimi Lazarus Opondo naondoa malalamiko yangu juu ya Valary Bonareri. Yale maji yalikuwa habari. Niliyafanya tangazo kwa sababu habari hazinilishi. Christabel angekuwa kazini angenikataza, lakini nilikuwa nimemfukuza, na nikasema ni Bonareri alimfukuza. Nyaberi akifa, ni mimi."

Akachukua ya pili.

"Mimi Valary Bonareri niliambia watu programu inafunga upuzi. Sikuwaambia inafunga kila kitu kimelipiwa, kibaya na kizuri, kwa sababu sikuwahi kufikiria kuna kizuri. Wengine walinipa simu tu na sikuwaeleza chochote. Nyaberi akifa, ni mimi."

Kila mmoja aliinua kichwa kumtazama mwenzake. Hawakuwa wameambizana.

Koplo aliziweka karatasi mbili juu ya meza, ukingo kwa ukingo.

"Mtu mmoja hawezi kuuawa mara mbili," alisema. "Mtasikizana wenyewe."

Alitafuta mahali pa kuchomeka kalamu, akaacha.

"Mzee, niambie kitu. Asubuhi ulitaka iwe kosa. Sasa iwe ama isiwe?"

Opondo alivua koti lake la kanisani kwa mara ya kwanza siku hiyo, akalikunja magotini.

"Mtu akifunga macho yake mwenyewe, hapana. Huwezi kumshika. Hata kama mimi nitalala njaa, huwezi kumshika." Alikuna kidevu. "Lakini basi watu waseme nani atalipa wa kwenda Siongiroi. Hiyo sijui. Nimeandika habari miaka minane na sijui."

"Na kufunga macho ya mwingine?" koplo aliuliza.

Aliyeulizwa ni Opondo, lakini Bonareri ndiye aliyejibu.

"Hiyo andika, afande."

Koplo alivuta OB karibu. Aliandika neno la kwanza. Simu ya mezani ikalia.

Aliipokea, akasikiliza, akaweka sauti nje. Alikuwa Janefer, hospitalini, anaongea na kulia na kucheka kwa pamoja.

"Ameamka! Baba Clifford ameamka! Mungu ni mkubwa!"

Bonareri alifunika uso kwa viganja. Opondo alisema "asante" kwa sauti ndogo, hakumtaja anayemshukuru.

"Na daktari amesema siyo maji," Janefer aliendelea. "Wamepima. Ile kikombe ilikuwa maji ya mvua. Hata hakugusa ya bomba."



Koplo Chepngetich alitazama zile karatasi mbili. Kisha akawatazama wenyewe.

"Na mmeshasaini," alisema kwa masikitiko.

"Sasa kama si maji ni nini?" Opondo aliuliza, akiinamia simu. Alikuwa tayari ametoa daftari lake la habari.

"Wanasema ni kitu alikula asubuhi, mahali alienda kabla ya kazi. Na mimi sikujua alienda mahali! Nikimuuliza anafunga macho. Mimi nimekuwa bibi yake miaka kumi na nne! Anasema ataongea na mtu mmoja tu."

"Polisi," koplo alisema, akivaa kofia.

"Hapana, afande. Anaitisha mama yake Bonareri. Anataka Eucabeth."

Bonareri alidhani hakusikia vizuri. Mama yake na fundi wa paa wa upande wa juu wa soko! Kwa ufahamu wake hawakuwahi kupeana hata salamu. Alichomoa simu yake kwenye chaja ya kituo, akampigia mama yake, akaiweka sikioni wote wakimtazama.

"Mama, Nyaberi yuko hospitali. Ameamka. Anakutafuta."

Eucabeth hakuuliza Nyaberi ni nani. Hakuuliza anaugua nini, wala yuko hospitali gani. Ilisikika sauti ya maharagwe yakimwagika sakafuni, sufuria nzima.

"Amewaambia?" aliuliza.